Sauti kupishana na picha ukigeuza video: pima sehemu tatu kwanza, ndipo uguse kitu

#1 fundi_kanda (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Nimeona niliweke hili hapa maana kila wiki kuna mtu anakuja dukani kwangu Magomeni na flashi mkononi: "Fundi, sauti haiendi na midomo, nisogezee kidogo tu." Na mara nyingi huko kusogeza kidogo tu ndiko kulikoiharibu kazi kabla haijanifikia.

Nianze na mkanda ulionifundisha. Mwaka jana shangazi yangu alinikabidhi VHS ya harusi yake ya 1997. Ndani yake babu, sasa marehemu, anasimama mbele ya ukumbi na kumpa binti yake nasaha. Hatuna sauti nyingine ya babu popote, ni hiyo tu. Nikaazima deki, nikanunua kile kifaa kidogo cha USB chenye waya tatu, njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti, nikanasa mkanda wote kwenye kompyuta. Saa moja na dakika 50.

Nikaangalia mwanzo. Matarumbeta yanaingia, fimbo ya ngoma kubwa inagusa ngozi na mlio unatoka palepale. Safi. Nikaruka hadi mwisho, kwenye zawadi. Watu wanapiga makofi, mikono imeshakutana na kuachana, mlio unakuja sekunde nne baadaye.

Nikafanya tunachofanya wengi. Sauti nzima nikaibana ipungue sekunde nne kati ya 6600. Mwanzo ukakaa, mwisho ukakaa, nikachoma DVD nikapeleka. Jioni shangazi akapiga simu. Hakulalamika, aliuliza tu: "Mwanangu, mbona baba anaongea kabla hajafungua mdomo?"

Nasaha za babu zipo dakika ya 55, katikati kabisa. Niliporudi kwenye faili ya asili nikakuta pale sauti ilikuwa imechelewa kwa sekunde 0.6 tu. Mimi kwa kubana kwangu nilikuwa nimeivuta mbele sekunde mbili. Kwa hiyo ikawa imetangulia kwa sekunde 1.4, na hapo ndipo penyewe, pale ambapo familia nzima inamtazama mzee mdomoni.

Kilichotokea ni hiki. Mfumo wa video wa huku kwetu ni PAL, fremu 25 kwa sekunde, yaani kila fremu ni sekunde 0.04. Mkanda ulikuwa na mikunjo sehemu ya mwisho. Kila picha ilipotetemeka, kile kifaa kilishindwa kuisoma, kikaidondosha fremu na kuendelea. Sauti haikudondoka. Fremu 100 zikipotea, picha inakuwa fupi kwa sekunde nne, inakimbia mbele na sauti inabaki nyuma. Na fremu zenyewe hazikupotea kwa usawa: chache nusu ya kwanza, nyingi sana nusu ya pili. Ukibana sauti kwa usawa unatibu ugonjwa ambao mgonjwa hana.

Tangu siku hiyo sigusi faili ya mtu kabla sijapima sehemu tatu: mwanzo, katikati, mwisho. Namba hizo tatu ndizo zinazoniambia nina tatizo gani.

Zikifanana zote tatu, tuseme sauti imechelewa nusu sekunde mwanzo, katikati na mwisho, hiyo imehama tu. Ndiyo peke yake inayotibika kwa kusogeza. Zikikua kwa mpangilio, mwanzo sifuri, katikati moja, mwisho mbili, hiyo inateleza. Mwendo wa sauti na mwendo wa picha si mmoja, na dawa yake ni kunyoosha au kubana. Zikiwa hazina mpangilio kama za shangazi, 0, 0.6, 4, hiyo inaruka kwa hatua. Hapo hakuna namba moja itakayokuokoa. Ama unarudi kwenye chanzo unanasa upya, ama unakata faili kila inaporuka na kurekebisha kipande kimoja kimoja.

Kupima si kazi kubwa. Tafuta kitu kinachogongana mbele ya kamera. Kwenye harusi zetu vimejaa: ngoma ya matarumbeta, kizibo cha shampeni, glasi zikigonganishwa, makofi. Ukitumia VLC, simamisha video kisha bonyeza herufi E, inasogea fremu moja moja. Andika muda ambao vitu vinagusana. Halafu fungua sauti ya faili hiyohiyo kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, utaona mlio umesimama kama mwiba kwenye mawimbi, andika na muda wake. Toa, umepata jibu. Kwa haraka zaidi, humohumo kwenye VLC bonyeza K kuchelewesha sauti au J kuivuta mbele, kila mbofyo ni milisekunde 50. Hesabu mibofyo hadi ikae, ndiyo kosa lako. Hiyo haibadilishi faili, inakusaidia kupima tu.

Mkanda wa shangazi niliunasa upya. Safari hii picha niliipitisha kwanza kwenye rekoda ya zamani ya DVD niliyoipata Kariakoo kwa wauza mitumba ya vifaa. Sikurekodi ndani yake, niliifanya daraja tu kati ya deki na kompyuta. Baadhi ya rekoda hizo hutuliza picha inayotetemeka kabla ya kuitoa. Pia niliweka programu ya kunasia irudie fremu iliyotangulia pale inayofuata inapokosekana, ili urefu wa picha usipungue. Mwisho wa mkanda tofauti ikawa chini ya fremu mbili. Babu sasa anafungua mdomo na sauti yake inatoka.

Wenye uzoefu ongezeni, wenye matatizo leteni namba zenu tatu.

#2 picha_tabata

Mkuu shukrani sana, umenigusa. Mimi nina send-off niliyopiga wiki iliyopita kwa simu, kipande kimoja cha dakika 47. Kwenye simu iko sawa mwanzo mpaka mwisho. Nikiingiza kwenye programu ya kuhariri, mwanzo sawa, mwisho sawa, katikati wakati wa kukata keki sauti imechelewa karibu sekunde nzima. Faili ni moja, sijaigeuza, sijaikata. Nimefuta programu nikaweka upya, hakuna kilichobadilika. Bibi harusi ananipigia kila siku.

#3 fundi_kanda

Mkuu picha_tabata, hiyo naifahamu, na asante kwa kutaja katikati, maana ukipima mwanzo na mwisho tu ungeapa faili ni nzima.

Nikuulize, wakati wa keki walizima taa wakabakiza zile za rangi? Simu nyingi hazipigi fremu kwa mwendo mmoja. Unaweza kuwa umeweka 30 kwa sekunde, lakini giza likiingia simu inaacha kila fremu ikae wazi muda mrefu ili inyonye mwanga, na fremu zinapungua. Taa zikiwaka zinarudi. Kila fremu imeandikiwa ndani ya faili muda wake wa kuonyeshwa. Simu yenyewe inasoma muda huo, ndiyo maana kule iko sawa. Zipo programu za kuhariri ambazo hazisomi muda, zinahesabu fremu tu. Zinachukua wastani wa faili nzima na kupanga fremu zote kwa mwendo huo mmoja. Kwa wastani mwanzo na mwisho vinakutana, katikati panapinda.

Hakikisha kwa MediaInfo, ni ya bure. Ifungue faili, tazama mstari wa aina ya mwendo wa fremu. Ikisema *Variable*, umempata mwizi.

Dawa ni kuifanya iwe na mwendo mmoja KABLA ya kuiingiza kwenye kuhariri. Kwenye HandBrake, programu ya bure ya kugeuza video, upande wa video, chagua fremu 30 kisha weka alama kwenye *Constant Framerate*. Anayetumia ffmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri, aandike hivi:

`ffmpeg -i simu.mp4 -fps_mode cfr -r 30 -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac -ar 48000 safi.mp4`

Kama ffmpeg yako ni ya kabla ya toleo la 5.1, badala ya `-fps_mode` tumia `-vsync`. Faili ya simu usiifute hata kidogo. Ukishaipoteza ile mida iliyoandikwa ndani yake, hakuna wa kukurudishia.

#4 msimulizi_mbagala

Habari wakuu. Mimi nasimulia filamu kwa Kiswahili kwa ajili ya mabanda ya video. Yangu ni ile ya pili, ya kuteleza. Nilirekodi simulizi yote nikitazama nakala niliyokuwa nayo kwenye DVD. Baadaye nikapata nakala yenye picha nzuri zaidi ya filamu hiyohiyo, nikachukua simulizi yangu nikaipandisha juu yake. Dakika za kwanza inaenda vizuri, kufika nusu saa namtaja mtu amekufa na bado anakimbia. Mwisho nimetangulia karibu dakika tano. Filamu ni ya saa mbili. Nirekodi upya?

#5 fundi_kanda

Usirekodi upya mkuu, sauti yako ni nzima kabisa.

Filamu za sinema hupigwa fremu 24 kwa sekunde. Zikitengenezewa DVD ya mfumo wa PAL, wanachofanya mara nyingi ni kuzikimbiza kidogo zifike 25. Filamu inakuwa fupi kwa asilimia nne na hakuna anayegundua. Nakala yako ya pili bila shaka ni ya fremu 23.976, ambayo ni 24 iliyopunguzwa kwa sehemu moja ya elfu kwa sababu ya mfumo wa televisheni wa Marekani. Gawanya 25 kwa 23.976, chukua dakika 120 ugawanye kwa jibu hilo, unapata 115. Dakika tano zako ndizo hizo.

Simulizi yako inatakiwa kupunguzwa mwendo hivi:

`ffmpeg -i simulizi.wav -af atempo=0.959041 simulizi_mpya.wav`

Hii inarefusha bila kuifanya sauti yako iwe nzito. Ukimaliza pima tena sehemu tatu. Kama nakala hizo mbili zinatofautiana mahali, mfano moja imekatwa tukio au ina nembo ndefu mwanzoni, utaona ruko hapo, na hilo utalirekebisha peke yake.

Na jambo moja naliomba kwa wote mnaosimulia: unapohifadhi simulizi, andika kwenye jina la faili ni ya fremu ngapi. Miaka miwili baadaye hutakumbuka.

#6 mzee_wa_mitambo

Vijana, uzi mzuri. Niongeze mawili matatu, na moja nampinga mleta uzi.

Kwanza, kabla hujaituhumu faili, vua hizo spika za Bluetooth. Sauti inayosafiri kwa Bluetooth inaweza kuchelewa milisekunde 150, 200, hata zaidi, kutegemea kifaa. Nimewahi kuona mtu amekesha anairekebisha video ambayo haikuwa na kasoro, na alipoipeleka kwa mteja mwenye TV ya kawaida sauti ikawa inatangulia. Pima kwa waya siku zote. Na kompyuta ikiwa nzito kiasi picha inakwamakwama, usiamini unachokiona humo.

Pili, mahali ulipoweka kamera. Kwa joto la Dar sauti inasafiri kama mita 350 kwa sekunde. Ukienda Uwanja wa Mkapa ukakaa jukwaa la mbali, unaona mguu umepiga mpira kwanza, ndipo unasikia. Ukumbini ni vilevile. Kamera ikiwa mita 35 kutoka kwenye spika, maiki yake inapokea sauti ikiwa imechelewa sekunde 0.1, fremu mbili na nusu. Halafu unachukua sauti ya moja kwa moja kutoka kwenye miksa, unaichanganya na ya kamera, unashangaa MC anaongea kama yumo kisimani. Chagua moja iwe ya msingi, nyingine isogeze ifuate.

Ninapompinga mleta uzi ni pale aliporidhika na "chini ya fremu mbili" bila kusema upande gani. Upande ni jambo kubwa. Watangazaji wa Ulaya, EBU, katika pendekezo lao la R37 wanaruhusu sauti itangulie milisekunde 40 tu, lakini ichelewe hadi 60. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, nao katika BT.1359 ya mwaka 1998 walipima watazamaji wakakuta wanagundua sauti iliyotangulia kwa 45, na iliyochelewa mpaka ifike 125. Sababu ni hiyo ya uwanjani. Tangu utoto umezoea kuona kwanza na kusikia baadaye: mwanamke anatwanga ng'ambo ya pili, mchi umeshainuka ndipo mlio unafika. Hujawahi kusikia mchi kabla haujatua. Sauti ikitangulia, hata anayetazama tu nyumbani anahisi kuna kitu hakiko sawa, hata kama hawezi kukitaja. Kwa hiyo ukibaki na fremu moja huwezi kuiondoa, iache upande wa kuchelewa.

#7 fundi_kanda

Shikamoo mzee. Umesema kweli, na nimerudi kupima: fremu moja na nusu, imechelewa. Shangazi hakusema kitu safari hii, sasa naelewa kwa nini. Nitaanza kuandika na upande kwenye vipimo vyangu.

#8 mzee_wa_mitambo

Marahaba kijana. Basi iko sawa, iache.

Kwa wenye faili za zamani za AVI nasemea hapohapo. AVI ni kasha la Microsoft la mwaka 1992, yaani aina ya faili inayobeba picha na sauti pamoja, lilitengenezwa likitegemea sauti ya ujazo (wingi wa data kwa sekunde) usiobadilika. Baadaye watu wakatia ndani yake MP3 ambayo ujazo wake unapanda na kushuka. Baadhi ya programu zinakisia muda wa sauti kwa kuhesabu ujazo, zinakosea, sauti inatangatanga. Toa sauti uifanye WAV kwanza, ndipo uigeuze pamoja na picha. Usiipeleke moja kwa moja.

#9 dada_semina

Samahanini, mimi narekodi semina na mikutano Posta na Mikocheni, siku nzima. Sauti natumia rekoda ndogo ya pembeni. Nimefuata maelekezo: mwanzo sifuri, baada ya saa moja na nusu sekunde 0.25, baada ya saa tatu 0.5, sauti inachelewa. Vyote viko 48 kHz, yaani vipimo 48,000 vya sauti kwa sekunde, kamera haibadilishi fremu, nimeangalia. Inatoka wapi?

La pili, ninapokata kipande bila kukigeuza upya ili kiwe haraka, wakati mwingine mwanzo wa kipande picha imeganda au sauti inatangulia.

#10 fundi_kanda

Dada, vipimo vyako ni vya kufundishia darasani, vimenyooka kama rula.

La kwanza: ndani ya kamera kuna jiwe dogo linalopiga saa, na ndani ya rekoda kuna lingine. Hakuna mawili yanayopiga sawasawa. Yakitofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni, kwa saa moja ni sekunde 0.18, kwa saa tatu ni 0.54. Ndiyo namba yako. Vifaa havijaharibika. Piga kofi mbele ya kamera mwanzoni na kofi lingine mwishoni kabla hujazima chochote, kisha bana sauti mpaka makofi yote mawili yakae. Hapa kubana kwa usawa ni halali kabisa kwa sababu kosa lenyewe linakua kwa usawa.

Ila hiyo 48 uiangalie kila mara. Mafundi mitambo wengi wanarekodi kwa 44.1, mazoea ya muziki wa CD. Programu nzuri inabadilisha yenyewe. Lakini faili ikisomwa kama 48 wakati ni 44.1, saa moja inakuwa dakika 55 na sekunde saba, na msemaji anakuwa na sauti nyembamba. Ukisikia sauti ya mtu imebadilika, acha kupima midomo, tazama namba hiyo kwanza.

La pili: video iliyobanwa haihifadhi kila fremu nzima. Kuna fremu kamili moja moja, zinazofuata zinaandika mabadiliko tu. Ukikata bila kugeuza, picha haiwezi kuanzia katikati ya mabadiliko, lazima ishike fremu kamili, wakati sauti inakatwa karibu popote. Ukiunganisha vipande kumi vya namna hiyo, kila kimoja kinaongeza kakosa kake, na mwisho unapata rundo. Kwa kipande cha kupeleka kwa mteja, geuza upya, vumilia muda.

Na ile ya kuhama tu sikuiandikia amri. Kuchelewesha sauti kwa sekunde 0.4 bila kugeuza chochote:

`ffmpeg -i a.mp4 -itsoffset 0.4 -i a.mp4 -map 0:v -map 1:a -c copy b.mp4`

Kama sauti ndiyo imechelewa na unataka kuivuta mbele, badilisha ramani iwe `-map 1:v -map 0:a`, utakuwa umechelewesha picha.

#11 msimulizi_mbagala

Mkuu, nimeshusha mwendo kama ulivyoniandikia. Filamu nzima imekaa isipokuwa mwanzo, sekunde tisa, ni nembo kama ulivyosema. Nimeisogeza, nimepima mara tatu, iko sawa. Kazi ya usiku mbili imepona. Ubarikiwe.

#12 picha_tabata

Narudi na majibu. Ilikuwa *Variable*. Na kweli walizima taa wakati wa keki, wakawasha wakati wa zawadi. Nimeigeuza kwenye HandBrake kwa fremu 30, laptopu yangu imechukua saa moja na robo. Nimepima: ngoma ya matarumbeta sifuri, kisu cha keki kikigonga sahani fremu moja, sauti imechelewa, makofi ya mwisho sifuri. Nimemtazama mama wa bibi harusi akiongea dakika nne mfululizo, midomo yake na sauti havitengani. Kesho naipeleka Segerea.

#13 fundi_kanda

Safi sana mkuu. Mpelekee na faili ya simu kama ilivyo, iweke kwenye folda yake ndani ya flashi hiyohiyo, uandike jina "ASILI". Na wewe baki na nakala.